Kufuatilia Hali ya Hewa ya Kila Siku Jangwani Wakati wa Vita: Mwongozo Kamili kwa Wanaokwenda Kufanya Kazi Sudan

Tangu vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, mtandao wa vituo vya kupima hali ya hewa nchini Sudan umevurugika pamoja na huduma nyingine za umma, na mtu anayefanya kazi Darfur, Kordofan au kando ya Mto Nile hawezi kutegemea kwamba karibu naye pana kituo kinachotoa taarifa kila asubuhi. Simu itamwonyesha nyuzi joto na alama ya jua, lakini namba hiyo hukokotolewa na kompyuta kwa eneo pana, na haimwambii kama kuna ukuta wa vumbi unaokuja nyuma ya kilima wala kama korongo analotaka kulivuka limeanza kujaa. Mwongozo huu ni kwa madereva wa malori, wauguzi, mafundi wa maji na watumishi wa misaada kutoka Afrika Mashariki wanaopangiwa kazi Sudan au upande wa Chad wa mpaka. Msingi wake ni mmoja: kipimo cha siku moja hakisemi mengi, bali usalama unatokana na kulinganisha leo na jana, kwa kupima mahali palepale na saa ileile, hata siku ambazo hakuna jambo la kutisha.

Hatua ya kwanza: omba ruhusa kabla ya kupima chochote

Taarifa za hali ya hewa ni taarifa za kivita. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia pande zote zilituma vipimo vya upepo na mawingu kwa maandishi ya siri, kwa sababu anayejua upepo na umbali wa kuona anajua pia ni lini ndege zitaruka. Askari wa kizuizi cha barabarani atakayekuta daftari lenye saa, mielekeo na umbali wa majengo atakuwa na haki ya kukushuku, na maelezo yako hayatasikilizwa kwa utulivu. Kwa hiyo mweleze afisa usalama wa shirika lako unachokusudia kufanya, naye apate kibali kwa wenye mamlaka ya eneo hilo, na usianze kabla hajakujibu.

Daftari lisiwe na ramani, namba za GPS zinazoonyesha mahali, majina ya kambi za wanajeshi wala idadi ya magari uliyoyaona. Alama unazotumia kupima umbali wa kuona zipe herufi, kama A, B na C, na orodha ya maana yake ibaki ofisini. Usipige picha ya anga ukiwa karibu na kituo cha askari, na usitangaze mtandaoni kwamba leo mahali fulani pamekucha peupe bila vumbi. Droni zimetumika sana katika vita hivi, hata Port Sudan ilishambuliwa nazo Mei 2025, na taarifa ya aina hiyo yaweza kumfikia mtu usiyemkusudia.

Hatua ya pili: jua misimu ya mahali unapokwenda

Wengi hufika wakidhani jangwa lina hali moja, yaani joto. Kati ya Desemba na Februari upepo hutoka kaskazini, mkavu, na usiku huwa na baridi ya kweli. Mjini Khartoum nyuzi joto hushuka hadi karibu 16 alfajiri, na El Fasher, mji wa Darfur ulio zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari, hushuka zaidi ya hapo. Kwenye miteremko ya Jebel Marra, milima ya Darfur ambayo kilele chake hupita mita 3,000, baridi huwa kali kuliko walivyozoea watu wa pwani yetu, na familia iliyokimbia ikiwa na shuka moja tu huteseka kwa baridi mwezi wa Januari kama inavyoteseka kwa jua mwezi wa Mei. Wapangaji wa misaada husahau jambo hili mara kwa mara, na mablanketi hufika msimu ukiwa umekwisha.

Kuanzia Machi joto hupanda, na kati ya Aprili na Juni mchana wa Khartoum hupita nyuzi 40 siku nyingi mfululizo. Juni hadi Septemba ni kharif, yaani msimu wa mvua, unaoletwa na upepo wenye unyevu kutoka kusini. Khartoum kwa kawaida hupata mvua isiyofika milimita 200 kwa mwaka, nyingi yake kati ya Julai na Septemba, na kadiri unavyoshuka kusini na magharibi mwa Darfur ndivyo mvua inavyoongezeka. Port Sudan ina kalenda yake: mvua zake huanguka zaidi kati ya Oktoba na Desemba, na kiangazi chake huchanganya joto la zaidi ya nyuzi 40 na unyevu wa Bahari ya Shamu. Aliyezoea joto kavu la Khartoum asidhani kwamba ameshazoea la Port Sudan.

Hatua ya tatu: kusanya vifaa vichache na uvipange vizuri

Unahitaji kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini, vipimajoto viwili vya kawaida vinavyofanana, kipande cha kitambaa cha pamba, dira ndogo, kopo lenye kuta zilizonyooka, rula, daftari lenye jalada gumu, na penseli, kwa kuwa maandishi ya penseli hayayeyuki karatasi ikilowa.

Vipimajoto vikae kivulini, kati ya mita moja na robo na mita mbili kutoka ardhini, ndani ya kisanduku cha mbao kilichopakwa rangi nyeupe na chenye matundu ya kupitisha hewa. Visitundikwe kwenye ukuta wa mabati, karibu na jenereta wala juu ya sakafu ya saruji, kwa maana hapo utapima joto la bati au la saruji badala ya joto la hewa. Vipimajoto viwili vya kawaida viwekwe sambamba, kimoja kikavu, kingine tungi lake limeviringwa kitambaa cha pamba ambacho ncha yake imezama katika kikopo cha maji safi. Kitambaa hicho kifuliwe kila baada ya siku chache, maana vumbi na chumvi vikigandamana maji hayapandi tena na kipimo hupanda kwa uongo.

Kopo la mvua liwekwe mahali pa wazi, lifungwe kwenye kigingi lisipeperushwe, na kina cha maji kipimwe kwa rula baada ya kila mvua. Milimita moja ya mvua ni lita moja juu ya kila mita ya mraba. Turubai la mita 4 kwa 6 likitandazwa vizuri hupokea lita 240 kwa mvua ya milimita 10, nazo ni maji ya siku nzima kwa watu 16 kwa kipimo cha lita 15 kila mmoja. Maji ya mwanzo yamwagwe kwa sababu hubeba vumbi, na yanayofuata yatiwe dawa kabla ya kunywewa. Turubai lilelile likilegea katikati hubeba uzito wa kilo 240, na hema huwaangukia waliolala.

Hatua ya nne: pima mara tatu kila siku

Saa ya Sudan iko nyuma ya saa ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala kwa saa moja, tangu Novemba 2017. Napendekeza upime saa 2 asubuhi, saa 8 mchana na saa 2 usiku kwa saa ya huko, kwa sababu nyakati hizo zinalingana na zile zinazotumiwa na vituo vya hali ya hewa duniani kote, na kumbukumbu zako zitaweza kulinganishwa na za wengine. Mahali penye amri ya kutotoka nje usiku, kipimo cha usiku kiachwe. Hakuna namba inayostahili kufuatwa gizani.

Anza na kitambaa: hakikisha kimelowa, kipepee kwa kadi kwa dakika mbili au tatu, na usome kipimajoto chake mara namba inapoacha kushuka, kisha usome kile kikavu. Jiweke upande ambao upepo hautoki kwako kwenda kwenye kisanduku, maana pumzi yako pia ina joto na unyevu. Andika namba hapohapo, usizibebe kichwani hadi ofisini. Kisha tazama ukanda wa kitambaa uliofungwa juu ya mti uone upepo unatoka wapi, na ukadirie nguvu yake kwa dalili: vumbi na karatasi zikianza kuinuka, upepo umefika kilomita 20 hivi kwa saa, miti midogo ikiyumba yote, umekaribia 30 au umepita, na ukiona shida kutembea ukiuelekea, umepita 50.

Umbali wa kuona hupimwa kwa alama. Chagua mnara wa msikiti, tangi la maji, mti mkubwa na kilima katika pande tofauti, na andika alama ya mbali kabisa unayoiona wazi. Umbali wa alama hizo usiupime kwa miguu. Ardhi ya pembeni inaweza kuwa na mabomu yaliyotegwa au silaha ambazo hazijalipuka, kwa hiyo tumia kipimo cha kilomita cha gari kwenye barabara inayotumika kila siku. Ikiwa alama ya kilomita moja haionekani kwa sababu ya vumbi lililopeperushwa na upepo, hiyo tayari ni dhoruba ya vumbi kwa kipimo cha kimataifa.

Mstari mmoja wa daftari unaweza kusomeka hivi: saa 8 mchana, kikavu 42, kibichi (yaani chenye kitambaa) 21, upepo wa kaskazini, wa kuinua vumbi, alama C yaonekana, D haionekani, mawingu hakuna, mvua hakuna. Hivyo tu vinatosha. Daftari lenye safu nyingi huachwa baada ya wiki mbili, na siku zikishakosekana hazirudi.

Hatua ya tano: soma kipimajoto chenye kitambaa kabla ya kile kikavu

Hapa pana jambo ambalo wageni wengi hawalijui. Mstari niliotoa mfano, 42 kwa 21, ni siku kavu sana, yenye unyevu wa takriban asilimia 14. Jasho hukauka likitoka tu, mtu haoni kwamba ametoka jasho, na hupoteza maji mengi pasipo kuhisi kulowa. Hatari ya siku hiyo ni kukosa maji mwilini, na dawa yake ni kunywa kikombe kila baada ya dakika 15 hadi 20 za kazi, bila kungoja kiu na bila kuzidisha lita moja na nusu kwa saa.

Sasa chukua siku ya Agosti yenye 36 kwa 27. Kikavu kimeshuka nyuzi sita, watu hufurahi kwamba kumepoa, lakini unyevu umekaribia asilimia 50, jasho linadondoka badala ya kukauka, na mwili haupoi vizuri. Siku hiyo ndiyo wapakiaji wa mizigo huanguka. Mimi ningegawanya kazi za nguvu katika zamu fupi kibichi kikifika 27, na kuzisimamisha nje kabisa kikifika 30, isipokuwa kazi ya kuokoa uhai. Nyuzi 35 za kibichi hutajwa na wataalamu kama kikomo ambacho mwili hauwezi kujipoza, lakini wagonjwa, wazee, wajawazito na watoto hulemewa mapema zaidi.

Mtu aliyeanza kuchanganyikiwa, anayeongea maneno yasiyoeleweka au aliyezimia kwenye joto asipewe maji ya kunywa kwa nguvu. Mpeleke kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima na mpepee papo hapo, huku wengine wakitafuta usafiri wa kumpeleka kwa daktari. Anayejitambua ila amechoka na ana misuli inayokaza anaweza kunywa maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu.

Hatua ya sita: jifunze kuitambua habubu

Habubu ni ukuta wa vumbi unaosukumwa na hewa baridi iliyoporomoka kutoka katika wingu la radi. Mvua huanza kuanguka juu, hukauka njiani kwa sababu hewa ya chini ni kavu, hewa hiyo hupoa na kuwa nzito, hushuka kwa kishindo na kusambaa ardhini ikifagia mchanga na vumbi mbele yake. Ukuta huo unaweza kuinuka zaidi ya mita elfu moja. Kumbukumbu za zamani za Khartoum zilionyesha wastani wa habubu 24 kwa mwaka, nyingi kati ya Mei na Julai, na kwa kawaida huja alasiri au jioni, mara nyingi kutoka kusini au mashariki.

Daftari lako hutoa onyo kabla ya macho. Ikiwa kwa wiki kadhaa kibichi kimekaa 19, 20, 20, kisha ndani ya siku mbili kikapanda hadi 24, na upepo wa kaskazini ukageuka kuwa wa kusini, unyevu umefika na mawingu ya radi yatawezekana. Siku hiyo safari ndefu zikamilike kabla ya adhuhuri. Alasiri tazama upande wa kusini na mashariki: ukiona wingu refu jeupe lenye kichwa kilichotandaa, na chini yake mstari wa kahawia au mwekundu unaogusa ardhi na kupanuka pande zote mbili, una dakika chache tu. Mara nyingi upepo hutulia kwanza. Kisha huja hewa ya ubaridi, na baada yake giza.

Ushauri wa kawaida wa madereva ni kutoka mbali na barabara na kuzima taa. Sudan ya sasa hairuhusu ushauri huo kufuatwa ulivyo, kwa kuwa pembeni mwa barabara kunaweza kuwa na mabomu. Njia bora ni kusimama kabla habubu haijafika, katika kijiji au kituo kinachojulikana, na ndiyo maana ratiba ya kila safari inapaswa kuonyesha mahali pa kusimama. Ikikukuta njiani, baki juu ya alama za matairi zilizopo, simama ukingoni mwake, washa taa za dharura kwa kuwa bado uko barabarani, funga madirisha na vitundu vya hewa, na asishuke mtu. Msafara uwe umekubaliana mapema kwamba gari la mbele likisimama yote husimama.

Usikaribie kizuizi cha askari ndani ya vumbi kwa sababu yoyote. Bendera na nembo ya shirika havionekani, sauti yako haisikiki, na mlinzi ataona kivuli cha gari kinachomjia. Ninasisitiza hili kwa sababu dereva aliyechoka hushawishika kusogea mita mia tatu za mwisho ili afike, ilhali hizo ndizo mita za hatari kuliko safari nzima. Vilevile asidanganyike mtu kwamba vumbi ni maficho mazuri ya kusafiria.

Kuna pia vumbi lisilo na ukuta, lile linalotanda angani kwa siku mbili au tatu wakati wa upepo wa kaskazini. Marubani wa helikopta za Marekani waliokwenda kuwaokoa mateka walikutana na vumbi la kutanda katika jangwa la Iran tarehe 24 Aprili 1980 pasipo kujiandaa nalo. Helikopta nane ziliondoka, zilizofika zikiwa nzima zilikuwa tano, operesheni ikavunjwa, na wakati wa kuondoka helikopta iligongana na ndege na watu wanane wakafa. Ndege za misaada hazipangwi kwa siku kama hizo, na anayesubiri dawa kwa ndege ajue hilo kabla hajapunguza akiba yake.

Baada ya vumbi, safisha chujio la hewa la gari, kagua rejeta, na uwatahadharishe wauguzi kwamba wagonjwa wa pumu wataongezeka. Msimu mkavu wenye vumbi ndio pia msimu wa homa ya uti wa mgongo katika ukanda huo, kwa hiyo homa yenye shingo kukakamaa isichukuliwe kuwa malaria tu.

Hatua ya saba: chunguza makorongo kabla ya kuvuka

Wadi ni mto wa msimu, kile wanachokiita laga watu wa kaskazini mwa Kenya. Maji yake hutoka kwenye mvua iliyonyesha mbali, hivyo wadi yaweza kujaa chini ya anga safi. Kila asubuhi ya kharif uliza madereva na wachungaji wa ngamia waliotoka upande wa juu kama waliona radi usiku. Anza kwa salamu na kumjulia hali mzee kabla ya kuuliza, maana swali linaloulizwa kwa haraka na mgeni hujibiwa kwa tahadhari. Majibu yao yaandike daftarini pamoja na vipimo vyako. Mimi nayathamini kuliko picha nyingi za setilaiti.

Maji yanayokwenda kasi yakifika sentimita 30 huweza kulibeba gari dogo, na sentimita 60 huchukua magari mengi yakiwemo makubwa ya kazi. Dereva asivuke maji ambayo hajaona sakafu yake. Mchanga uliolowa baada ya maji kupungua nao hunasa matairi, hivyo upepo wa matairi upunguzwe kabla ya kuingia, wala si baada ya kukwama.

Usidhani madaraja yatakungoja. Agosti 2024 mafuriko yalivunja daraja la Mornei huko Darfur Magharibi, na mwezi huohuo bwawa la Arba'at karibu na Port Sudan lilipasuka baada ya mvua kubwa. Maji hayo pia huhamisha mabomu ya ardhini na silaha ambazo hazijalipuka, hivyo njia iliyokuwa salama wiki iliyopita haihesabiwi kuwa salama baada ya mafuriko hadi ikaguliwe upya. Kipindupindu kilitangazwa rasmi nchini humo Agosti 2024, katikati ya mvua, na kwa sababu hiyo kipimo cha kopo lako kimfikie anayesimamia visima na vyoo siku ileile.

Hatua ya nane: linganisha na vyanzo vya nje, kisha upange siku

Mtandao ukipatikana, anza na ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha IGAD (jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake) kilicho Nairobi, ambacho utabiri wake wa wiki na wa msimu unaihusu Sudan pia. Picha za vumbi za setilaiti za Meteosat hutoka kila dakika 10 hadi 15, na vumbi huonekana ndani yake kwa rangi ya waridi iliyokolea. Barcelona kuna kituo cha kimataifa kinachotoa utabiri wa vumbi kwa kaskazini mwa Afrika na Mashariki ya Kati. Pakua unachohitaji asubuhi na mapema, kwa sababu mawasiliano hukatika bila taarifa, kama yalivyokatika karibu nchi nzima Februari 2024.

Utabiri ukisema kitu na daftari likasema kingine, fuata kile kinachotaka tahadhari zaidi. Kisha toa uamuzi wa siku kwa maneno yanayoeleweka kwa wote katika kikao cha asubuhi: kazi za nguvu zinaisha saa ngapi, gari gani linaruhusiwa kutoka, kila msafiri anabeba lita ngapi, na nani anayeamua kurudisha msafara nyuma. Uamuzi huo usiachiwe dereva peke yake akiwa barabarani, kwani huko atasukumwa na watu wanaongoja mzigo.

Hatua ya tisa: kabidhi daftari

Watumishi hubadilishana kila baada ya miezi michache, na daftari likiondoka na mtu, anayekuja huanza upya akiwa hajui Mei ya mahali hapo hufananaje. Nakili kurasa kila mwisho wa wiki, nakala moja ibaki ofisini na nyingine ipelekwe makao makuu kwa njia salama. Ukurasa wa kwanza ueleze kisanduku kiko wapi, vipimajoto vilibadilishwa lini, na siku zipi hazikupimwa na kwa nini, yakiwemo mapigano. Anayekupokea mfanye apime pamoja nawe kwa siku kadhaa, mkisoma namba kila mmoja peke yake kisha mkilinganisha, hadi tofauti yenu isizidi nusu nyuzi.